Mbuzi Niliyemtoa Bila Kubisha

Ninyi mliobaki Shinyanga mmeniuliza yaliyotokea, kila mmoja kwa wakati wake, na nadhani kila mmoja nimempa kipande tofauti. Rehema anajua habari ya mbuzi. Mama Neema anajua habari ya mashimo. Sasa nimekaa niyaandike yote kwa mfuatano, ili tukikutana Ibadakuli asubuhi tutembee, badala ya kusimama barabarani mkinihoji. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri simu kutoka kwa mwanamke aitwaye Mama Minza, kuhusu majani ya ng'ombe wake. Bila simu hiyo habari hii ingekuwa haina mkia. Imekuja juzi.

Mnakumbuka tulipofikia. Ule mlima wa kaskazini ulitushinda kwa bei kabla haujatushinda kwa miguu. Nikasema vilima tunavyo kwetu, havina theluji wala geti. Tukakubaliana itafutwe njia ya mzunguko upande wa Masumbwe, ya siku kadhaa, tulale kwa watu, turudi tulipoanzia bila kukanyaga njia ileile mara mbili. Mkatutuma wawili tukaipange: mimi kwa sababu ya mdomo, na Mwalimu Getruda kwa sababu anafundisha jiografia. Habari za barua na vibali naziruka. Getruda anazo kwenye bahasha na anapenda kuulizwa.

Ibadakuli hadi Kahama

Mizigo niliihesabu nyumbani, nikaihesabu tena stendi. Ilikuwa vilevile, jambo ambalo kwa stendi si la kawaida. Kitu pekee cha kifahari tulichobeba ni fimbo mbili za alumini, nyepesi, zenye ncha kali na kamba ya kuvaa mkononi. Zilitoka ndani ya belo la viatu vya mtumba; nadhani huko zilikotoka watu hutelezea kwenye barafu. Zilikaa kibandani kwangu mwaka mzima, na mteja pekee aliyewahi kuziulizia alitaka azikate achomee mishikaki.

Getruda alibeba kopo dogo la rangi nyeupe na brashi. Mpango wake ulikuwa kwamba kila penye kuchanganya tupange mawe matatu, moja juu ya jingine, tuweke alama ya rangi, ili ninyi mtakaokuja nyuma msipotee. Tena simu yake ilikuwa na programu ya kupima mwendo. Kila tukimaliza kilomita inalia: tii-tii. Fimbo, mawe, mlio. Mviweke akilini, maana sisi hatukuviweka.

Basi lilichelewa kwa ajili ya abiria mmoja aliyeacha begi lake kwenye kiti akaenda kunywa supu. Tulimlaani wote kwa pamoja mpaka alipopanda, akatusalimia "Mwangaluka" kwa upole mkubwa, na laana zikaishia hapo. Akakaa jirani yangu. Tulipokuwa tunapita mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, penye vile vilima vya mawe vilivyojengwa na watu, akanyoosha kidevu kuelekea fimbo zangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hizo ni za kupimia?"

"Za kutembelea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Tunazunguka vilima vya Masumbwe, halafu tunarudi tulipoanzia."

Akatafakari. "Mnazunguka, halafu mnarudi palepale."

"Ndiyo."

"Na hamchukui kitu."

"Hatuchukui."

"Sawa, mama," akasema, kwa heshima ya mtu anayejua kutunza siri ya mwenzake. "Hata mimi mwaka ule nilikuwa nawaambia natafuta kuni."

Kahama hadi Masumbwe

Kahama tulikula wali na samaki. Getruda anasema wali wa pale haufai kuliwa kwa haraka, lakini dereva alikuwa na maoni mengine.

Masumbwe nilitafuta chumba. Mwenye nyumba akataja bei yake. Nikauliza kama maji yapo. Yapo. Yako wapi? Kisimani. Nikatoa kisima kwenye bei. Taa je? Taa ipo, ila umeme ndio umekatika. Nikatoa na umeme. Dirisha lilikuwa na fremu bila kioo, nikatoa kioo. Mwisho akaniuliza, "Mama, na kitanda je, nikitoe nje?" Nikamwambia akiache kwanza, sijamaliza.

Naeleza hili ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani nilipoanza safari. Mama Shija mnamjua tayari, lakini andiko laweza kuangukia mikononi mwa wengine.

Masumbwe hadi mgongo wa Iseng'wa

Kilima cha Iseng'wa hakitishi ukikitazama kwa mbali. Ni mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama mtu aliyekuwa anapanga duka akaitwa kula. Ukikifikia ndipo unagundua kina migongo kadhaa, na kila mgongo unajifanya ndio wa mwisho.

Watu tuliokutana nao chini walikuwa na tatizo moja na sisi: hawakujua watuweke kundi gani. Kwenye boma la kwanza mwanamke aliyekuwa anatwanga akasimamisha mchi.

"Mwangaluka. Msiba uko kwa nani?"

"Hatuendi msibani, dada."

"Mnauza nini?"

"Leo hatuuzi."

"Mnahubiri?"

"Hapana."

Akatutazama kwa huruma. Mtu anayetembea milimani na mzigo, hana msiba, hana biashara, hana Mungu wa kumtangaza, huyo ana matatizo. Akatupa michembe ya moto, viazi vitamu vikavu vilivyochanganywa na karanga, akakataa kabisa tumlipe kwa kumtwangia. Nilikula nikijua nimeingizwa kwenye kundi la wahitaji. Michembe ilikuwa mizuri, kwa hiyo sikubisha. Labda ugonjwa wa kutokubisha ulinianzia hapo.

Kila penye kuchanganya Getruda alipanga mawe yake. Mimi nilikuwa natangulia, nachoma ardhi kwa fimbo kuangalia kama ni imara, yeye anakuja nyuma na brashi. Simu ikilia, tunasimama kunywa maji. Tukalala kwa mtu mwema juu ya mgongo, na siku iliyofuata tukaanza kuteremka upande wa pili, ambako Getruda aliteguka kidogo kifundo cha mguu na mimi nikaanza kuchoka kumsifu uvumilivu wake.

Ndani ya majani ya Mama Minza

Chini ya kilima nchi nzima ilikuwa imeshaliwa na mifugo. Mvua zilikuwa zimekatika karibuni tu, lakini majani yalikuwa kama ndevu za jana. Halafu, bila uzio wowote, tukaingia kwenye majani ya kufika begani, na miti iliyoachwa ikue inavyotaka. Ndege walikuwa wengi. Katikati palikuwa na jiwe kubwa lenye kivuli. Getruda akasema kikundi chote kinaweza kupumzika hapa. Akapanga mawe yake, akapaka rangi. Simu ikalia.

Sauti nyingine ikajibu. Mtu alipiga mwano, ule ukelele wa kuita kijiji, na mwano mwingine ukaupokea upande wa pili. Kabla hatujafunga kopo la rangi tulikuwa tumezungukwa na wanaume wenye fimbo. Mkubwa wao alijitambulisha: Luhende, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Mnajua mko wapi?"

"Kwenye majani," nikasema.

"Haya siyo majani. Hii ni ngitili. Unaona balabala hapa?"

Ngitili tunazijua, hata Shinyanga tunazo kila upande: majani yanayofungwa tangu mvua, haingii mnyama wala mtu, mpaka mwenyewe ayafungue kiangazi kikikaza. Lakini hii watu huifikia kwa mbele, ambako kila mpita njia atakwambia. Sisi tulidondokea kutoka juu.

Mwenyewe akaja. Mama Minza, mjane, mrefu, mwembamba, amejifunga kanga mbili. Kabla ya kuuliza majina yetu alikuwa ameshatupa kibuyu cha maziwa mgando. Kisha akaeleza, bila hasira, kama mtu anayesoma hali ya hewa:

"Nilikuwa na ng'ombe kumi na sita. Kiangazi cha juzi kiliniachia tisa. Nimewafungia haya majani ndiyo yawavushe safari hii. Yakikanyagwa, sina mengine."

Kisha akamgeukia kamanda. "Ni wageni, Luhende. Wasamehe."

"Mgeni naye ana miguu," kamanda akasema. "Mchenya ni mbuzi."

Mchenya ni faini ya kijiji. Haipelekwi ofisini, huliwa na watu. Watu wote wakanigeukia. Sasa nifikirieni: jua la mchana, kifundo cha Getruda kimevimba kama andazi, mdomo wangu bado una ladha ya maziwa ya mwanamke niliyemkanyagia majani. Mimi niliyetoa kisima kwenye bei ya chumba, nikasema:

"Sawa."

Kamanda akasubiri. "Sawa nini?"

"Sawa, mbuzi."

"Mbuzi mzima?"

"Mzima."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akakohoa. Nikanunua mbuzi kwenye boma la jirani kwa bei aliyoitaja mwenyewe: jike, pembe moja imevunjika, tumbo limetuna. Nililiona tumbo nikanyamaza. Nikamkabidhi Luhende kamba, naye akaipokea kama mtu anayepokea noti asiyoiamini. Hakuna aliyenishukuru hata kwa wabeja.

Iseng'wa hadi upande wa Ushirombo

Njia ikageuka kuelekea magharibi, na tabia ya watu ikageuka nayo. Hakuna tena aliyetuuliza habari za msiba. Kwa Baba Kasimiri, mkulima ambaye Getruda alifahamiana naye kupitia parokia, tulikaribishwa kwenye viti vya wageni vyenye vitambaa. Tulisali, tukala ugali wa mtama na nsansa ya majani makavu ya kunde iliyoungwa karanga, na Baba Kasimiri akaniongezea mboga kila nilipopumua. Alipomaliza kunawa akasema, kwa sauti ya kawaida mno:

"Na huku kwetu, mtapima lini?"

"Tumeshapima," Getruda akajibu, akimaanisha kilomita.

"Gashi, kumbe!" akasema mzee, akamtazama mkewe. Mkewe akaenda kuchinja jogoo.

Kesho yake watu wakaanza kutufuata. Walikaa nyuma kwa adabu, tukisimama wanasimama. Nikawahesabu saba. Nikahesabu tena wakawa tisa. Wawili walikuwa wamefika katikati ya hesabu. Wengine walibeba sururu, lakini kule mtu kubeba sururu ni kama kwetu kubeba mwavuli.

"Unaona?" Getruda akaninong'oneza. Alikuwa na furaha ya mwalimu ambaye darasa limemwelewa. "Watu wanapenda kutembea. Walikuwa wanasubiri tu mtu wa kuanzisha."

Mmoja wao, kijeba mwenye taa ya kichwani mchana kweupe, akasogea. Alijiita Jumanne.

"Shikamoo, mwalimu. Hapa imelia mara ngapi?"

"Mara moja. Kila kilomita inalia mara moja."

"Na kule kwenye ngitili?"

"Kule ililia palepale kwenye jiwe kubwa," Getruda akasema, akifurahia swali.

Jumanne akashukuru kwa mikono miwili, akageuka, akaanza kukimbia kurudi tulikotoka. Wengine wakamfuata.

"Huyo ana pumzi nzuri," Getruda akasema.

Njia panda

Ukweli nilipewa na mwanamke mwenye sufuria. Tulikuwa tumefika barabara ya vumbi ambapo njia zinagawanyika: kushoto unashuka moja kwa moja hadi Masumbwe, kulia unarudi Iseng'wa kwa nyuma. Alikuwa amekaa pembeni anasubiri pikipiki, na amezungukwa na sufuria tatu, gunia la mkaa, dumu la mafuta na sahani zilizofungwa kwenye kanga. Kwa jicho la biashara nikajua ni mama ntilie anayehama.

"Mwadila, mama. Unahamia wapi na jiko lote?"

"Kwenye rashi," akasema. "Hujasikia? Iseng'wa pamelipuka. Maduara yameanza kuchimbwa."

"Dhahabu imepatikana?"

"Bado haijaonekana, lakini ipo. Kuna wanawake wawili wa kampuni wamepita na vyuma vya kupimia. Mashine inalia, wanapiga bikoni, mawe matatu na rangi nyeupe. Wajanja! Wanajifanya wanatembea."

Getruda aliangalia brashi iliyochungulia mkobani. Mimi nikajaribu kutetea ukweli kwa kuzunguka.

"Labda wanatembea kweli."

"Mama, usinichekeshe. Sikiliza." Akanivuta karibu na sufuria. "Sungusungu waliwakamata kwenye ngitili, wakawapiga mchenya wa mbuzi. Unajua yule mmoja alifanyaje? Alitoa! Mbuzi mzima, jike, hapohapo, bila kubisha! Nani anatoa mbuzi bila kubisha? Huyo anajua amekalia nini."

Pikipiki ikaja, tukamsaidia kupakia. Nikahesabu sufuria, zilikuwa tatu, na moja ilikuwa ya kupikia watu hamsini. Hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Mama ntilie hakosei hesabu ya watu.

Getruda alikaa juu ya jiwe. Masumbwe ilikuwa kushoto, karibu, ikiwa na kile chumba kisicho na kioo. Alisema kitu kimoja tu: "Ng'ombe tisa." Tukashika kulia.

Kurudi kwenye majani

Tuliwasikia kabla hatujawaona: nyundo zikigonga moko, zile patasi za kuvunjia mawe, watu wakiimba, redio. Pale penye mawe matatu ya Getruda palikuwa na shimo la kufika kiunoni. Mashimo yalikuwa matatu tayari, na majani yaliyoyazunguka yamelala chini. Upande wa barabara watu walikuwa wanakata miti ya kujengea vibanda. Yule mama ntilie alikuwa ameshawasha moto.

Mama Minza alikuwa amesimama ukingoni, na ng'ombe wake nyuma yake. Niliwahesabu, tisa. Hawakuwa wameingia, walizoea kwamba pamefungwa.

"Wameniambia mwenye shamba anapata mgao wa viroba," akasema. "Nikawauliza, ng'ombe anakula kiroba cha mawe?" Kisha akaniangalia. "Mama Shija, kama kipo kitu, niambie nijue. Kama hakipo, waambie wao."

"Hakipo."

"Basi waambie."

Nikawaambia. Nilipanda juu ya lile jiwe kubwa nikasema sisi ni watembezi, hakuna dhahabu. Walicheka mpaka redio ikapunguzwa sauti ili wacheke vizuri. "Aliyepata ndiye husema hakuna!" Getruda akapanda naye, akaeleza aina za miamba na kwa nini huu si wa dhahabu. Wakasikiliza kwa makini, na alipomaliza mmoja akasema, "Mnaona? Amesomea kabisa." Watu wawili wakaanza shimo la nne.

Kamanda Luhende alikuwa kando na watu wake, hana la kufanya. Sungusungu kumi hawazuii watu sitini. Nikamwendea Mama Minza nikamwambia nimeshindwa.

"Umeshindwa kwa sababu ya yule mbuzi," akasema. "Kwetu mtu akipigwa mchenya analia kwanza. Anaomba, anatafuta mtu wa kumwombea, anapunguziwa. Luhende alitaja mbuzi ili ashuke hadi kuku. Wewe ulitoa kama mtu anayenunua kiwanja."

 Kisha nikauliza, "Yule mbuzi ameliwa?"

"Haliwi mbuzi mwenye mimba. Yupo kwa Luhende. Amezaa."

"Wangapi?"

"Mapacha."

Mabibi, katika maisha yangu ya biashara sijawahi kupewa kitu kizuri kama neno hilo. Nikaenda katikati ya ngitili, penye watu wengi, nikamwita kamanda kwa sauti ya sokoni.

"Luhende! Nimekuja kubisha!"

"Kubisha nini?"

"Mlinipiga mchenya wa mbuzi mmoja. Mnao watatu. Naomba chenji yangu."

Nyundo moja ikanyamaza. Kamanda akanitazama kama niliyechanganyikiwa, halafu nikaona jicho lake likimwangukia Mama Minza, kisha likarudi kwangu, na uso wake ukabadilika kidogo sana. Akaagiza mbuzi waletwe. Wakaletwa: mama mwenye pembe moja, na vitoto viwili vinavyoyumba.

"Mbuzi akishatolewa ametolewa," akasema, naye sasa kwa sauti ya mkutano. "Mtu akitoa ng'ombe wa mahari, akizaa ukweni, anarudi kudai ndama?"

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa hoja nzuri.

"Mahari unapewa mke!" nikajibu. "Mimi nimepewa nini? Nimepewa kibuyu cha maziwa, tena si chako, cha Mama Minza!"

Wakacheka. Nyundo nyingine ikanyamaza.

"Mimba ilikuwa ndani. Ulichukua cha ndani na cha nje," nikaendelea.

"Wewe uliiona mimba?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeumwa jua! Mtu mgonjwa hatozwi mapacha!"

Tulikwenda hivyo mchana mzima. Nilidai vitoto vyote, akakataa. Nikadai kimoja na maziwa ya mama yake mpaka kiachishwe. Akasema maziwa hayagawanyiki. Nikasema basi agawe mama, mimi nachukua upande wa nyuma. Nikadai fidia ya pembe iliyovunjika. Akaniuliza kama ni yeye aliyeivunja. Mzee mmoja wa sungusungu akaniombea, mwingine akampinga, wachimbaji nao wakagawanyika, wengine upande wangu, wengine wa kijiji, wameegemea sururu. Mama ntilie alikuwa upande wangu, akawa anapiga mfuniko kila nikisema vizuri. Sauti ilinikauka. Sijawahi kufanya kazi hivyo hata kwa belo la daraja la kwanza.

Jumanne hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo lake, ananitazama mikono, si mdomo. Mwishowe akasimama.

"Mama, achana na mbuzi. Tufanye biashara mimi na wewe. Nipe hizo fimbo zako mbili, nikupe duara hili. Lote. Na kazi tuliyofanya."

Mtu akazima redio. Nikatazama shimo. Nikatazama fimbo. Sikuhitaji kufikiri, na hilo ndilo lililotuokoa. Jibu lilitoka lenyewe.

"Fimbo zote mbili?"

"Zote."

"Ongeza sururu."

"Nakupa duara zima, mama!"

"Duara nitalibeba kwa nini? Ongeza sururu, na hiyo taa ya kichwani."

 Akavua taa yake, akaigeuzageuza mkononi, akaivaa tena.

"Huyu hana kitu," akawaambia wenzake, taratibu. "Mwenye kitu angeshanirushia fimbo zamani, achukue duara."

Akachukua sururu yake akaondoka bila kuaga.

Hawakuondoka wote pamoja. Kwanza walimfuata waliokuja naye. Wengine walichimba kidogo kwa ajili ya heshima. Mama ntilie aliuza chakula chote, kwa hiyo hakuwa na kinyongo, akanikonyeza alipopita na sufuria zake. Wawili walilala palepale, na asubuhi nao hawakuwepo.

Kamanda, ambaye sasa sauti yake ilikuwa mbovu kuliko yangu, akanipa kitoto kimoja. Nikamwambia kina miguu mifupi, aongeze kamba. Akaongeza. Nikamkabidhi Mama Minza kamba na kitoto.

Kufunga mzunguko

Tulifukia mashimo yote, sisi, Mama Minza na sungusungu. Kisha mimi na Getruda tukarudi juu tukabomoa mawe yetu moja baada ya jingine na kuyageuza, rangi itazame chini.  Kwenye jiwe la mwisho Getruda akasema angalau wale tisa waliotufuata walitembea vizuri.

Masumbwe tuliingia kwa upande ambao hatukutokea, kama tulivyopanga. Mwenye nyumba aliponiona akataja bei iliyokwishatolewa kisima, umeme na kioo. Nikatoa na mlango, haukufungika vizuri.

Kwa hiyo njia ipo, na ni nzuri. Haina alama, nitawaongoza mwenyewe. Msije na fimbo za chuma, na simu za kulia muziache nyumbani. Mkitajiwa mchenya, lieni kwanza.

Na simu ya juzi ni hii. Mama Minza amefungua ngitili. Ng'ombe wameingia, tisa, na mmoja ana mimba, lakini ndama huyo anasema atamhesabu akizaliwa, si kama mimi. Majani yanatosha. Kitoto cha mbuzi kimekua, kinasumbua. Nikamuuliza kuhusu pale tulipofukia.

"Hapajaota," akasema. "Ng'ombe wakifika wanapazunguka, halafu wanaendelea kula."

Nikamwambia sisi pia tutapazunguka, kwa nje ya mpaka.

"Haya," akasema. "Ila mkifika mnipigie mwano, niwaletee maziwa."